Pazia Lililonyweshwa Chumvi

Katika kazi zote zinazolihudumia jukwaa, tangu ya mtunzi anayekesha na kalamu hadi ya kijana anayefagia ukumbi watu wakisha kutawanyika, sidhani kama iko iliyonyimwa shukrani kuliko ile ya kulitia pazia dawa ya kuzuia moto. Kwani mshonaji husifiwa kwa mikunjo ya kitambaa chake, na mchoraji wa mandhari husifiwa kwa milima na majumba aliyoyasimamisha juu ya turubai, ila huyu aliyelichovya pazia katika maji ya chumvi akaliacha likakauka, kazi yake haionekani kwa macho wala haisikiki kwa masikio, na usiku ule itakapodhihirika, watazamaji watakuwa wanaikimbilia milango, wala hapana hata mmoja atakayesimama kuuliza ni nani aliyewapatia muda wa kukimbia. Mimi nimekusudia kumsifu mtu huyo, na kumsifu nikiwa hapa Misunkumilo, kata ya Manispaa ya Mpanda, mahali ambapo hapana jumba la tamthilia lililojengwa makhsusi kwa kazi hiyo, lakini maonyesho hayakosekani: watoto wa shule huigiza siku ya mahafali, kwaya huigiza Krismasi na Pasaka, na arusi siku hizi haihesabiwi kuwa arusi mpaka ukuta mzima wa ukumbi uvikwe vitambaa toka darini hadi sakafuni, na taa za rangi zipitishwe nyuma yake.

Kitambaa kilichotundikwa si sawa na kitambaa kilichokunjwa sandukuni. Moto tabia yake ni kupanda, na ukishika upindo wa nguo iliyosimama wima, joto lake hutangulia juu na kuikausha na kuichemsha sehemu ambayo ndimi hazijaifikia bado, hata zinapofika huikuta imekwisha kuwa tayari. Na kwa kuwa hewa huizunguka nguo hiyo pande zote mbili, hakuna kinachouchelewesha. Pazia la jukwaa limezidiwa na balaa hizi zote, maana ni refu, lina mikunjo ambayo moshi na joto hupanda ndani yake kwa kasi, hukusanya vumbi la miezi, na hukaa jirani na taa kali katika pembe ambazo watu hawapiti. Ndiyo sababu wale waliofikiri juu ya usalama wa majumba ya michezo walianza na kitambaa kabla hawajafika kwenye kuta.

Fikra hiyo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo 1638 Mwitaliano Nicola Sabbatini, aliyekuwa bingwa wa mitambo ya jukwaa, alishauri udongo wa mfinyanzi na jasi vichanganywe katika rangi ya mandhari ili turubai lisishike moto upesi. Mwaka 1735 Mwingereza Obadiah Wyld alipewa hataza ya mchanganyiko wa shabu, boraksi na chumvi ya chuma kwa ajili ya karatasi na nguo. Lakini aliyeitoa kazi hii katika kubahatisha akaiweka katika elimu ni Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac, ambaye kwa amri ya Mfalme Louis wa Kumi na Nane, aliyeyahofia majumba ya michezo ya Paris, alizijaribu chumvi moja baada ya nyingine juu ya vitambaa, na mwaka 1821 akatoa habari kwamba zilizo bora ni za aina mbili: zile zinazoyeyuka kwa moto na kuufunika uzi mithili ya kioo, na zile zinazotoa mvuke usioungua ukaifukuza hewa. Chumvi za amonia pamoja na boraksi ndizo alizozisifu, na leo, baada ya zaidi ya karne mbili, fundi anayelitia dawa pazia la pamba bado anatembea katika njia ile ile.

Kazi yenyewe nimeitazama kwa karibu, ikifanywa na mama mmoja mshonaji wa hapa Misunkumilo, aliyepewa mapazia ya ukumbi wa shule ayatengeneze upindo naye akayataka kwanza yaoge, kama alivyosema. Aliyaweka juu ya mizani yakiwa makavu, yakawa kilo kumi, akaandika. Kisha akachemsha maji katika pipa ambalo halikuwa la chakula wala halitakuwa, na kwa kila lita mbili za maji akapima gramu 200 za boraksi na gramu 85 za tindikali ya boriki, yaani mafungu saba kwa matatu, akakoroga kwa mti mpaka maji yakarejea kuwa meupe kama hayakutiwa kitu. Kila moja ya chumvi hizi peke yake huyeyuka kwa shida, lakini zikikutana husaidiana. Na zaidi ya hayo zimegawana kazi, kwani boraksi huuzuia mwali, ilhali tindikali ya boriki huzuia ile kaa inayobaki ikilalia ndani ya kitambaa kimyakimya baada ya mwali kuzimika, na inayoweza kuamka saa nzima baadaye wakati kila mtu amekwisha kurudi nyumbani akidhani mambo yamekwisha. Anayetia boraksi tupu kwa kubana matumizi amefanya nusu ya kazi, tena nusu ile ambayo kila mtu anaiona.

Alivaa glavu, na vijana waliomsaidia akawavalisha, maana dawa hii haifai kumezwa wala kuachwa karibu na mtoto. Aliyazamisha mapazia kipande kwa kipande, akayageuza, akayakandamiza ili maji yapenye hadi ndani ya pindo na mishono, ambako kitambaa kimekunjwa mara tatu na ambako fundi mvivu hupasahau. Hapo kijana mmoja alimwuliza, “Mama, kwa hiyo sasa halitaungua tena?” Akamjibu bila ya kuinua kichwa, “Litaungua, mwanangu, moto ni moto. Ila halitaukimbiza.” Wakati wa kukamua ndipo nilipoona ustadi wake, kwa sababu mkono uliozoea kufua hukamua mpaka tone la mwisho, na mkono huo hapa ungemwaga chini kile kilichonunuliwa, yeye alibana kidogo tu, akayaning’iniza kivulini yakichuruzika, na kila baada ya muda akayageuza juu chini ili chumvi isishuke yote ikalundikana kwenye upindo. Yalipokauka aliyarudisha kwenye mizani. Kilo kumi na moja. Hiyo kilo moja iliyozidi ndiyo kinga yenyewe, na kipimo kinachotakiwa kwa pamba ni takriban sehemu moja katika kumi ya uzito wa kitambaa. Ikipungua sana, kuchovya kulikuwa desturi tupu, na ikizidi sana pazia hukakamaa na kutoa unga mweupe kwenye mikunjo.

Boraksi hiyo haikutoka mbali. Mji wa Mpanda, ulioletewa reli kwa ajili ya madini ya risasi ya mgodi wa Mukwamba na ambao vilima vyake hadi leo vina wachimbaji wadogo wa dhahabu, haujawa mgeni wa dawa za kuyeyushia, na yeyote aliyepata kukaa karibu na anayesafisha dhahabu ameiona boraksi ikitiwa juu ya moto: huvimba kwanza, ikatokota na kutoa povu jeupe, kisha ikatulia na kuwa kioo cheupe kinachotambaa juu ya madini na kuchukua taka zake. Jambo hilo hilo ndilo linalotukia katika uzi wa pazia, kwa kiasi kidogo kisichoonekana. Moto unapoligusa, chumvi hutoa kwanza maji yaliyofungika ndani yake, kisha huyeyuka na kuuvika uzi. Na pamba, ambayo kwa kawaida ikipata joto hugeuka mvuke unaowaka, chini ya vazi hilo hulazimika kushika njia nyingine, ikawa makaa na maji. Mwali hauli kitambaa, hula mvuke wake. Ukinyimwa mvuke hufa pale pale ulipozaliwa. Wafuga nyuki wa misitu yetu ya miombo watafahamu upesi zaidi kuliko mtu wa maabara, kwani wao huyachoma majani mwezi wa Mei na Juni yangali na ubichi, ili moto mkali wa Septemba ukija ukute ardhi nyeusi isiyo na cha kuliwa. Nalo pazia lililotiwa dawa hujichoma kidogo pale lilipoguswa, na weusi ule ndio unaomzuia adui asipite.

Ama kuna taksiri moja ya kazi hii ambayo si haki kuificha, nayo ni kwamba chumvi hupunguza uzuri wa nguo. Rangi hufifia kidogo, kitambaa hupoteza ulaini, na kitambaa chepesi sana huacha kuelea. Katika Paris ya karne ya 19 serikali iliagiza nguo za wacheza dansi wa jukwaani zitiwe dawa, na wengi wao wakachukia, kwa kuwa sketi zao nyeupe, ambazo zilitakiwa zielee kama ukungu, zilikuwa zikifubaa na kukakamaa. Emma Livry, msichana aliyetazamiwa kuwa mkubwa kuliko wote wa zama zake, alikataa kuvaa za dawa. Jioni ya tarehe 15 Novemba 1862, katika mazoezi, alizikung’uta sketi zake karibu na taa ya gesi, zikashika, akavuka jukwaa akikimbia hali anawaka. Aliishi na majeraha yake miezi minane, akafa Julai 1863, umri wake miaka 20. Sitaki mtu amlaumu binti yule. Alikuwa akitetea sanaa yake, na mtu anayeijali sanaa yake hadi kiasi hicho anastahili heshima. Lawama, ikiwa ni lazima iwepo, naona iwaendee waliomletea dawa mbaya na kudhani kwamba amri inatosha. Maana hapo ndipo inapojulikana tofauti ya fundi na mchovyaji tu. Fundi hujaribu kwanza kipande kidogo cha kila kitambaa, huangalia rangi ikikauka, hupunguza au hubadili chumvi, hupiga pasi ya uvuguvugu, hukikung’uta kitambaa taratibu mpaka kikalainika, na hatulii mpaka kinga na uzuri vimekaa pamoja bila ya kimoja kumfukuza mwenzake. Ningependa kila anayeandika kanuni za usalama aijue habari ya Emma Livry kabla hajashika kalamu.

Kinachonunuliwa kwa taabu hii yote ni dakika. Tarehe 30 Disemba 1903, katika jumba la Iroquois mjini Chicago, jumba jipya lililotangazwa kuwa haliwezi kuungua kabisa, taa ya umeme ilirusha cheche kwenye kitambaa chepesi cha pembeni wakati wa maonyesho ya mchana, ukumbi umejaa akina mama na watoto. Moto ukapanda katika mandhari yaliyotundikwa juu, na lile pazia kubwa la usalama lililokusudiwa kuutenga ukumbi na jukwaa likakwama njiani, na uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba kile kilichoitwa asbestosi kwa sehemu kubwa kilikuwa nyuzi za mti. Milango mingine ilifungwa, mingine ilifichwa nyuma ya mapazia ya mapambo. Walikufa watu 602. Miaka saba baadaye, tarehe 9 Mei 1911, katika Empire Palace mjini Edinburgh, taa ilizishika nguo za jukwaani katika maonyesho ya mfanya mazingaombwe aliyejulikana kwa jina la Lafayette. Pazia la usalama likashuka, bendi ikapiga wimbo wa taifa, na watazamaji wapatao 3,000 wakatoka wazima katika muda wa dakika chache. Lafayette na wenzake waliokuwa nyuma ya pazia waliangamia, na haifai kuwasahau kwa kuwa hesabu ya waliookoka ni kubwa. Lakini kila nikizitafakari habari hizi mbili pamoja, naona kwamba baina ya mji ule na huu tofauti yake ilikuwa ni kipande cha nguo, na uaminifu wa watu waliokitengeneza.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Unguja, katika mtaa wa Vuga, jumba la Royal lililosanifiwa na J. H. Sinclair liliteketea katika miaka ya 1950, na mahali pake pakasimama Majestic iliyofunguliwa 1955. Bagamoyo, ukumbi mkubwa wa Chuo cha Sanaa, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, uliungua mwanzoni mwa karne hii pamoja na paa lake la makuti, na kwa miaka kadhaa wanafunzi waliosomea jukwaa walisoma bila ya jukwaa lao. Na yule mtunzi ambaye Mwalimu Nyerere alitufasiria tamthilia zake mbili, Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969, naye jumba lake la Globe liliungua London tarehe 29 Juni 1613, mzinga uliofyatuliwa ndani ya mchezo ulipotupa cheche juu ya paa la majani. Makuti au majani ya Kiingereza, moto hauna ubaguzi; na dawa ya chumvi hufaa hata katika paa, ingawa mvua huiosha na kwa hiyo taabu yake haina mwisho.

Hapa Misunkumilo ugumu wetu ni wa namna nyingine. Pamba imekuwa adimu. Vitambaa vingi vinavyoletwa na wachuuzi na kukodishwa na wapambaji wa kumbi ni poliesta, vyenye kung’aa na bei nafuu, na poliesta haiishiki chumvi ya boraksi kama pamba; ikipata moto hujikunja na kuyeyuka, na matone yake huanguka yakiwaka juu ya zulia, juu ya viti vya plastiki, juu ya mabega ya watu. Ziko dawa nyingine zilizotengenezwa kwa ajili yake, na ziko poliesta zinazotoka kiwandani zikiwa na kinga ndani ya uzi wenyewe, ila asiyejua kutofautisha hununua ile iliyo mbele yake. Hivyo ustadi wa kwanza wa fundi wa siku hizi ni kujua ni kitu gani alichokishika, na njia ni hii: hukata utepe mwembamba katika upindo wa ndani, upana wa nusu inchi na urefu wa inchi nne, akatoka nao uani penye utulivu wa upepo, mbali na pazia lenyewe, na ndoo ya maji miguuni, huushika kwa koleo ukining’inia, akauwekea njiti ya kiberiti chini yake kwa sekunde 12, akaiondoa. Mwali ukifa ndani ya sekunde mbili, usienee utepe mzima, wala pasidondoke tone linaloendelea kuwaka, kitambaa kimepasi. Kisipopasi, kirudi kwa mwenyewe, hata kama arusi ni kesho.

Najua neno hili la mwisho ni zito, kwa sababu nimewaona wapambaji wetu wanavyofanya kazi, wakifika alfajiri na mafurushi yao, wakipanda ngazi zisizo imara, wakitoa uzuri mkubwa kwa malipo madogo, na kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kitambaa chake hakifai ni kumwondolea riziki ya siku. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mzigo usiachwe juu yake peke yake. Tunayo Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, tunao maofisa wanaokagua majengo, tunayo namba 114 ya kupiga wakati wa shida. Tungekuwa pia na utaratibu wa kumwonyesha mpambaji na mshonaji wa kata, bure, jinsi ya kuukata ule utepe na jinsi ya kuipima ile kilo moja, kwani wenye ukumbi wangependelea kumwita aliyejifunza, naye angeupandisha ujira wake kwa haki.

Jambo jingine ambalo yule mama wa Misunkumilo aliniambia, na ambalo wenye kumbi hulisahau kuliko yote, ni kwamba dawa hii huondoka kwa maji. Pazia likifuliwa mara moja limerudi lilivyokuwa, na mtu mwema anayelifua kwa usafi ili lipendeze siku ya sikukuu amelivua kinga yake pasipo kujua. Kwa hiyo yeye hushona katika upindo, upande wa nyuma, kitambulisho cha kitambaa cheupe alichoandika kwa wino usiotoka: aina ya nguo, dawa iliyotiwa, tarehe, jina la aliyechovya, na maneno haya, USIFUE BILA KUCHOVYA UPYA. Hata lisipofuliwa, kila mwaka hukata utepe na kuujaribu, kwa kuwa unyevu wa masika na vumbi la kiangazi hupunguza kidogo kidogo. Mahafali ya kidato cha nne huangukia Septemba na Oktoba, wakati majani yamekauka, pepo zinavuma na umeme wa jenereta unapitishwa katika nyaya za kuungaunga. Hivyo yeye huyataka mapazia ya shule mwezi wa Agosti, ambapo kitambaa kilichoanikwa kivulini asubuhi huwa kikavu kabla ya alasiri, na mizani huweza kusomwa siku ile ile.